Kitanda cha Namkunda

Sura ya Tisa

Kitanda kilikuwa kizuri, hilo hata adui asingebisha. Fundi alikuwa amekipiga randa mpaka mbao zikang'aa, akakichonga ua dogo upande wa kichwani, na mama yake Rogathe alikuwa amekitandika shuka jeupe jipya juu ya godoro la majani makavu ya mgomba. Shuka jipya, kijijini Chome, mwaka ule wa themanini na tano! Ndiyo kwanza sabuni ilikuwa imeanza kuonekana tena madukani, na watu walikuwa hawajazoea bado kuingia dukani na kutoka na kitu mkononi. Kwa ajili ya lile shuka mama alishuka milima kwa miguu, na magoti yake yale yale ya kumsumbua, akarudi kesho yake amelikumbatia kifuani.

Andersi, mumewe Rogathe, alikipapasa kitanda kwa mikono yake mikubwa iliyozoea kufunga mabomba, akainua uso akatabasamu.

"Mama, ni kizuri sana," alisema kwa Kiswahili chake cha miaka tisa, kilichonyooka isipokuwa pale ulimi ulipokataa. "Ila tatizo, hakiingii kwenye ndege."

Eliezeri, kaka yake Rogathe, alikuwa ameegemea mlango na kikombe cha chai ya rangi. Akaangua kicheko.

"Shemeji nawe! Kiingie ndege kiende wapi? Mwenye kitanda si analala hapa hapa!"

Andersi naye akacheka, vile mtu anavyocheka utani wa wakwe ambao haujamwingia vizuri. Kisha kicheko kikamkatikia njiani. Akamtazama Eliezeri, akamtazama mama mkwe aliyekuwa akinyoosha kona ya shuka kwa furaha yake yote, halafu akamgeukia mkewe.

Rogathe hakuweza kuyatazama yale macho. Yalikuwa ya kijivu, na tangu siku ya kwanza alipoyaona hakuwahi kuyaficha kitu, isipokuwa hiki kimoja. Akajifanya anamweka vizuri mgongoni Evaline, mtoto wake mdogo wa miaka miwili, ambaye alikuwa amelala fofofo na hakuhitaji kuwekwa vizuri popote.

"Rogathe," Andersi alisema polepole. "Twende nje kidogo."

*

Mapenzi yao yalianzia kwenye sindano, na watu wa Gonja hawakuacha kuwatania kwa hilo. Andersi alikuwa mhandisi wa maji kutoka Uswidi, kijana wa miaka ishirini na nane, aliyeletwa hospitalini na malaria kali huku akitetemeka mpaka kitanda kinalia. Rogathe alikuwa muuguzi wa zamu. Alimchoma kwinini, mzungu akapiga ukelele, akasema kwa Kiswahili kibovu, "Dada, wewe mbaya." Wiki mbili baadaye alirudi mzima wa afya, amechana nywele, akasimama dirishani akasema amekuja kurekebisha kauli. Aliirekebisha kwa mwaka mzima, mpaka binti wa watu akakubali.

Mama ndiye aliyekataa. Alikataa siku ya posa, akakataa tena mchungaji alipokuja kumbembeleza. "Huyu ndege wa kupita," alisema. "Atakula mtama wetu, aruke na mwanangu." Na Rogathe, ambaye usiku hapati usingizi na mchana hapati chakula kwa sababu ya yule ndege wa kupita, alipiga magoti jikoni mwa mama yake akaahidi. Mtoto wa kwanza akiwa wa kike, ataitwa jina la mama, na atakuwa wa mama.

Kwa Wapare wa kule juu hilo halikuwa jambo la ajabu. Mzee haachwi peke yake na moto wake. Mtoto mmoja hupelekwa kwa bibi, akalala naye, akamchotea maji, akasimuliwa hadithi za ukoo, na hakuna mtu anayesema katupwa. Rogathe mwenyewe alilelewa hivyo. Kwa hiyo alipoahidi hakuhisi kama anatoa kitu kikubwa. Kikubwa kilikuwa Andersi, na siku ile angeahidi hata mlima Shengena.

Kosa lake ni kwamba hakumwambia mumewe. Si kwamba alikusudia kumficha. Mwanzoni alisubiri mtoto azaliwe. Mtoto akazaliwa, wa kike, wa rangi ya maji ya kunde na nywele za singa, akaitwa Namkunda kama bibi yake. Kisha Rogathe akasubiri aache ziwa. Alipoacha ziwa mambo yakajipanga yenyewe: yeye alikuwa na zamu za usiku, Andersi alikuwa akilala kambini kwenye mabomba, basi Namkunda akapelekwa Chome kwa bibi. Akakaa miaka minne. Andersi akashukuru, Mungu awape nini tena. Rogathe akanyamaza.

*

Walipita migombani wakasimama kwenye ukingo wa ndiva, bwawa la kijiji ambalo maji yake hufunguliwa kwa zamu kwenda mashambani. Ukungu ulikuwa umeanza kushuka kutoka msituni. Andersi alitazama saa yake. Gari la mradi lilipaswa kukabidhiwa Same kesho asubuhi, na ndege ya kwenda Uswidi ilikuwa Ijumaa.

"Kile kitanda ni cha nini?"

"Ni cha Namkunda."

"Hilo nimeliona. Alale lini? Ijumaa yuko kwenye ndege."

Rogathe akapiga moyo konde. "Nilimwahidi mama."

"Ulimwahidi nini?"

Akamwambia. Alimwambia yote, toka magoti ya jikoni mpaka Pasaka iliyopita, mama alipomuuliza kama ahadi bado ipo naye akaitikia kwa kichwa. Andersi alisikiliza bila kumkatiza, kisha akakaa juu ya jiwe.

"Ile miaka minne," alisema. "Mimi nilidhani mama yako anatusaidia kulea."

"Najua."

"Kila Jumamosi nilipanda huku na sukari! Hata sukari ilipokosekana nchi nzima nilihangaika mpaka nikaipata, nikamletea kumshukuru!"

"Naye alidhani unamletea Namkunda, mtoto wake yeye, sukari."

"Na Namkunda alipokuja kwetu Same kuanza shule?"

Rogathe akainamisha kichwa. "Mama anahesabu kwamba alituazima."

Andersi akacheka kicheko kibaya, kisicho na chembe ya furaha. "Ungeniambia lini? Uwanja wa ndege? Wakati tunahesabu mizigo?"

"Kila siku nilisema kesho, Andersi. Nakuapia. Kila nikifungua mdomo, unaingia na watoto wawili wamekuning'inia mabegani, mnaongea hicho Kiswidi chenu, mnacheka, nami nasema acha leo wafurahi. Kesho."

"Haiwezekani," alisema, akasimama. "Nasikitika kwa mama, nasikitika sana, lakini haiwezekani. Watoto wote wawili wameshaandikwa kwenye pasi yangu toka Machi..."

Maneno yalikuwa yameshatoka.

"Machi?" Rogathe aliuliza.

Andersi aliokota kijiwe, akakitupa ndivani.

"Andersi, mkataba wako umeisha Juni. Machi ulikuwa unaniambia utaomba uongezwe miaka miwili. Machi ulikwenda Dar kufuata vipuri vya pampu."

"Nilifuata vipuri. Nikapita ubalozini pia."

"Ukawaandika wanangu kwenye pasi yako. Bila mimi kujua."

"Niliogopa."

"Uliogopa nini?"

"Kwamba nitakuuliza twende, utasema hapana. Na ningebaki!" Sauti ilimpanda, kisha ikashuka. "Wewe unajua ningebaki. Lakini Februari Evaline alipougua, tulizunguka Same nzima na noti mkononi na dawa hakuna. Wewe mwenyewe, muuguzi, ulikaa chini ukalia. Usiku ule nilisema akipona, nawaondoa. Sikutaka kukuuliza, kwa sababu sikutaka kusikia hapana."

Rogathe alihisi baridi, na haikuwa ya ukungu. Aliikumbuka Februari ile. Aliyakumbuka macho ya Evaline yalivyokuwa yamezama. Lakini kulikuwa na swali ambalo asingeweza kuliacha.

"Ungewachukua bila mimi?"

"Kamwe!"

"Lakini ungeweza. Ningeamka siku moja nikakuta nyumba tupu, na kila karatasi inasema ni sawa."

Andersi alitazama maji. Alikuwa mtu asiyejua kusema uongo wa ana kwa ana. Ule wa vipuri ulikuwa ndio pekee, na ulikuwa umemtia mvi. "Ningeweza," alisema. "Lakini kamwe."

Walisimama hapo, watu wawili waliopendana, kila mmoja ameshika siri ya mwenzake mkononi na hajui pa kuiweka. Evaline akajigeuza mgongoni, akalala tena.

"Hapa kwetu," Rogathe alisema, na machozi yakaanza, "mwanamke akikosana na mumewe anafunga kanga zake anarudi kwao. Mama anampikia uji. Siku ya tatu mume anakuja na maneno matamu, wanarudi wote. Huko kwenu nikikosana nawe nitakimbilia kwa nani? Nitafunga kanga niende wapi, kwenye theluji?"

Andersi alifikiri. Kila alipoulizwa swali alilifikiria kwanza, na hiyo ndiyo tabia iliyomfanya Rogathe ampende kabla hajajua kama anampenda.

"Ukinikasirikia," alisema, "nitakayetoka ni mimi."

"Kwenye theluji?"

"Kwenye theluji. Siku tatu. Ukinisamehe unifungulie."

Rogathe nusura acheke, na hilo likamuumiza zaidi. Alitaka kuweka kichwa kwenye kile kifua, kilichokuwa kinanukia sabuni na dizeli, alie mpaka aishiwe. Lakini Machi ilikuwa imesimama katikati yao, na hakuona njia ya kuizunguka.

"Shemeji!" Eliezeri aliita kutoka migombani. "Mama anasema uje. Ana maneno nawe kabla hujala."

*

Rogathe aliingia jikoni kupakua makande, na hakupakua chochote. Alisimama kando ya mlango, mwiko mkononi, akisikiliza. Eliezeri alikuwa ameshajiondokea kwenda kufungua mbuzi. Mambo ya mkwe na mamamkwe si ya kukaa katikati yake.

Mama alikuwa ameketi barazani kwenye kigoda. Andersi alikaa mbele yake kwa adabu, magoti yameunganishwa. Katikati yao alisimama Namkunda, miaka saba, soksi moja juu moja chini. Ndivyo walivyozungumza siku zote. Mama alikuwa na Kiswahili cha salamu na cha kuulizia bei sokoni tu, na Chasu cha Andersi, yaani Kipare, kilikuwa kidogo kuliko hicho. Namkunda ndiye aliyekuwa daraja. Toka ana miaka mitatu alikuwa akichukua maneno ya bibi ya Chasu, akimpelekea baba kwa Kiswidi, na kurudi na ya baba, na wote wawili walikuwa wakimsifu mpaka anavimba kichwa. Rogathe alikielewa Kiswidi kwa kuwasikiliza wao. Hakuna aliyekumbuka kwamba yuko jikoni.

Mama alianza, kwa sauti ya chini, Chasu chake kizito cha milimani.

"Mwambie baba yako hivi. Mimi nina binti mmoja. Sikumuuza, nilimpa. Alipoomba aondoke naye sikusema neno, maana mke humfuata mumewe. Lakini yeye ana mabinti wawili, na mmoja ni wangu kwa ahadi. Mwambie naomba asinidhulumu. Nitakulea kama nilivyokulea."

Namkunda alimtazama bibi, kisha akamgeukia baba.

"Bibi anasema," alisema kwa Kiswidi, "anatutakia safari njema. Anasema hana kinyongo. Anasema twende wote."

Mwiko ulimponyoka Rogathe. Aliudaka kabla haujafika chini.

Andersi alishusha pumzi ndefu, na mabega yake yakalegea. "Kweli? Mwambie bibi nashukuru sana. Mwambie ana moyo mkubwa kuliko wangu. Mwambie wewe ni mwanangu na nisingeweza kukuacha, na kwamba najua ni kiasi gani inamuuma. Nisingeweza kulala usiku hata mmoja nikiwa nimekuacha."

Namkunda akamgeukia bibi. Kidevu kilikuwa kinamcheza.

"Baba anasema sawa, bibi. Anasema nitabaki. Anasema anashukuru kwa kitanda."

Uso wa mama ulifunguka. Rogathe hakuwahi kuuona hivyo tangu baba yake alipofariki. Mama akanyanyuka kwenye kigoda, akafanya kitu ambacho mamamkwe hafanyi: akamshika mkwe wake mikono yote miwili, akaiminya, akilia na kucheka. Andersi naye akalia. "Asante, mama," alirudia. "Asante, asante." Na mama akajibu kwa kile Kiswahili chake kidogo, "Asante wewe. Asante, baba Namkunda."

Wakashikana hivyo, kila mmoja akimshukuru mwenzake kwa kumpa mtoto yule yule.

Rogathe alifahamu yote kwa mara moja, na ibilisi akamnong'oneza hapo hapo mlangoni. Nyamaza. Wote wana furaha. Kuleni makande, mpakieni mtoto garini kana kwamba mnamzungusha kidogo, ondokeni. Mama atajua mkiwa mmeshafika Same. Utamwandikia barua, barua nzuri, ndefu. Au kesho. Utamwambia kesho.

Neno hilo la kesho ndilo lililomwamsha. Alimtazama binti yake akiwa amesimama katikati ya wakubwa wawili wanaolia, mikono ameikunja nyuma, akitabasamu tabasamu la woga, akimpa kila mtu anachotaka kusikia. Rogathe aliijua ile sura. Aliijua kwa sababu ilikuwa yake mwenyewe. Miaka minane alikuwa akisimama pale pale, kati ya watu wale wale, akifanya kazi ile ile, na mtoto alikuwa ameona akajifunza. Aibu ilimshika mpaka masikio yakamwaka moto.

Akatoka nje, na Evaline mgongoni.

"Andersi," alisema, "mama hajakubali." Kisha akamgeukia mama yake na kusema kwa Chasu, "Mama, Andersi hajakubali. Mtoto amewadanganya nyote wawili. Msimpige wala msimkaripie. Hakutaka mgombane."

Mikono ikaachana. Namkunda akaangua kilio, akamkimbilia mama yake na kuzika uso kwenye kanga.

"Nilitaka bibi asilie," alisema. "Na baba asilie."

"Najua, mama. Najua."

Mama alikuwa bado amesimama. Furaha ilikuwa imemtoka usoni, lakini hasira haikuwa imeingia. Alionekana amechoka tu. "Basi wewe sema," alimwambia Rogathe. "Nimeshasikia ya mtoto. Wewe uliyeahidi, sema."

Hapo ndipo Rogathe alipotamani ardhi ipasuke. Kila mtu aliyempenda duniani alikuwa kwenye ile baraza, na chochote ambacho angesema kingemchinja mmoja wao. Alimtazama Andersi. Hakumsaidia, na hakumzuia. Alisubiri tu, uso umemwiva kwa kulia, kama mtu anayesubiri kusomewa hukumu na ameshakubali kuipokea yoyote. Rogathe akajua kwamba akisema mtoto abaki, mume wake atavunjika lakini hatabisha tena. Ile pasi ilikuwa na majina, lakini mwenye pasi alikuwa amemwachia yeye neno.

"Namkunda anakwenda nasi," alisema. "Nilikuahidi kitu ambacho hakikuwa changu peke yangu, mama. Nilikuahidi kwa sababu nilimtaka Andersi, na nilikuwa tayari kusema lolote. Halafu Pasaka nikarudia, kwa sababu niliogopa uso wako. Siwezi kumwacha. Nilipomwacha ile miaka minne nilikuwa nakuja kila mapumziko, na bado nilikuwa nalia njia nzima kurudi Gonja tulikokuwa tukikaa. Kutoka Uswidi nitakujaje?"

Mama alimpita, akaenda mpaka mbele ya Andersi, akainua uso kumtazama, maana alikuwa amemfika kifuani tu. Akatafuta maneno ya Kiswahili, moja moja.

"Atarudi lini?"

Andersi akafungua mdomo. Rogathe alimwombea kimya kimya: sema mwakani, sema kila mavuno, sema chochote.

"Sijui, mama," alisema Andersi. "Nauli ni kubwa sana, na huko sina kazi bado. Nitajitahidi. Lakini lini, sijui."

Mama akatikisa kichwa taratibu, mara nyingi. Kisha akasema kwa Chasu, bila kugeuka, na Namkunda, kwa mazoea, akamfasiria baba yake huku akilia kwikwi. Safari hii alifasiri sawasawa.

"Bibi anasema, huyu angalau hanidanganyi."

*

Makande hayakuliwa. Mama alisema waende, ukungu usije ukawakuta kwenye kona za Mwembe. Alikuwa wa kwanza kutoka kuwasindikiza, na alimshika Namkunda mkono mpaka kwenye gari. Alimfungia vifungo vya sweta. Alimpandisha ile soksi iliyoshuka. Alimwambia maneno sikioni ambayo hakuna aliyeyasikia, na mtoto akaitikia kwa kichwa, ameuma mdomo. Alimbusu Evaline, ambaye alikuwa ameamka na kushangaa kwa nini watu wote wana macho mekundu. Eliezeri alimkumbatia shemeji yake, akajaribu utani, ukamshinda.

Andersi alimpa mama mkono, na mama akaupokea.

Kisha ilikuwa zamu ya Rogathe. Alimwendea mama yake na kusimama mbele yake, muuguzi wa watu, mama wa watoto wawili.

"Mama, nisamehe."

Mama alikuwa akiitazama njia.

"Shikamoo, mama."

Mama alijifunga kanga yake vizuri kiunoni. Rogathe alingoja, akahisi kijiji kizima kinasikiliza, ingawa hakukuwa na mtu ila kaka yake aliyekuwa amewageukia mbuzi. Toka alipojifunza kusema, hakuwahi kutoa shikamoo kwa yule mwanamke ikaanguka chini. Siku za fimbo iliitikiwa. Siku ile ya posa, mama akiwa amefura kwa hasira, iliitikiwa.

Akaingia garini kwa sababu hakujua afanye nini tena. Andersi akawasha. Injini ikatetemesha viti, na huko nyuma Namkunda alikuwa ameshikilia kioo kwa mikono yote miwili. Rogathe aliteremsha dirisha, akatoa kichwa.

"Shikamoo, mama."

Mama alisimama kando ya njia, hatua tano tu, mikono imekunjwa. Alikuwa akimtazama sasa. Midomo yake ilikuwa imebanwa.

Andersi aliweka gia. Akatazama saa, akatazama ukungu uliokuwa umeshafika migombani. "Twende?" aliuliza kwa upole.

"Hajaitikia," Rogathe alisema. Hakuweza kusema zaidi ya hapo.

Andersi alimtazama mkewe. Alikuwa na miaka tisa katika milima ile. Mengi yalikuwa yamempita, lakini hilo hakuhitaji kufasiriwa na mtoto. Alinyoosha mkono, akaushika mkono wa Rogathe uliokuwa mapajani, baridi, umekunjwa ngumi. Haukufunguka, lakini haukumkataa.

Kwa mkono mwingine akazima gari.